Kutoka wazo hadi ukuta: fanya kazi na mbunifu wa nyumba, lipa bila majuto

Ni Jumamosi, saa mbili asubuhi. Simu inalia. "Boss, mchanga imeisha na vijana wamekaa tu hapa. Tuma elfu kumi na mbili haraka, lori isiende." Unatuma. Jumatatu ni simenti. Jumatano ni "kitu kidogo ya waya". Mwezi ukiisha unafungua taarifa ya akaunti yako na kukuta umetuma pesa mara thelathini kwa nambari ile ile, lakini ukiingia jikoni unaona ukuta mmoja umebomolewa na rundo la vifusi. Fundi anasema pesa ilikuwa kidogo. Wewe unasema ilikuwa nyingi. Nani ana haki? Hakuna anayeweza kusema, kwa sababu tangu mwanzo hakuna aliyeandika kazi yenyewe ilikuwa gani.

Wateja hutuuliza kama pesa ya namna hii inaweza kurudishwa. Tuseme ukweli: ukituma pesa mwenyewe, kwa nambari sahihi, kwa mtu unayemjua, huo si muamala uliokosewa. Huo ni mzozo wa kazi, na mzozo wa kazi huamuliwa kwa maandishi mliyokubaliana. Kama hakuna maandishi, kinachobaki ni kelele.

Ndiyo maana leo tunazungumza kuhusu kurekebisha nyumba ukiwa na mbunifu, kuanzia wazo hadi siku ya kukabidhiwa funguo. Hatukufundishi kuchora. Tunataka ujue kila hatua inatoa nini, na ni wakati gani pesa inafaa kutoka kwenye simu yako.

Nani ni nani kwa mjengo

Watu wengi huanza na fundi. Fundi mzuri ni mali, lakini kazi yake ni kujenga kilichoamuliwa. Akiachiwa kuamua, kujenga, kununua na kujikagua mwenyewe, umempa kazi nne kwa mshahara wa moja.

* Mbunifu wa mambo ya ndani hupanga nafasi, mwanga, kabati, vigae, rangi na mahali pa soketi. Anatosha kama hubomoi kuta zinazobeba uzito wala kuongeza chumba.
* Msanifu majengo huchora jengo lenyewe: kuongeza chumba, kupandisha ghorofa, kubadilisha paa. Kenya, jina hili linalindwa na Sheria ya Wasanifu Majengo na Wakadiriaji Gharama, Sura ya 525. Anayelitumia lazima awe amesajiliwa na bodi ya fani hiyo, BORAQS.
* Mhandisi wa miundo huamua kama ukuta unaweza kutolewa, na kitu gani kitabeba uzito baada yake. Husajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya.
* Mkadiriaji gharama hugeuza michoro kuwa orodha ya vifaa, kazi na bei. Kwa mjengo orodha hiyo huitwa BQ.
* Mwanakandarasi hujenga. Husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, katika madaraja kuanzia NCA 1, la juu zaidi, hadi NCA 8.

Kwa kazi ndogo huhitaji wote watano. Lakini kabla ya kutuma hata shilingi moja, muulize unayemlipa: wewe ni nani kati ya hawa, na umesajiliwa wapi? Kisha tafuta jina lake kwenye orodha za bodi husika. Ni dakika kumi tu.

Tuchukue mfano

Tuseme mnamiliki nyumba ya mawe ya vyumba viwili Kitengela. Jikoni ni dogo, lina giza, na mnataka kutoa ukuta kati yake na sebule. Mmeweka akiba ya KSh 650,000, sehemu ikiwa ni mkopo wa SACCO. Hizi si bei za soko. Ni hesabu ya kutuonyesha njia tu.

Kabla ya yote, gawanya pesa hiyo:

* KSh 65,000, yaani asilimia 10, ni ya dharura. Haiguswi kwa mapambo.
* KSh 60,000 ni ya mbunifu na ushauri wa mhandisi.
* KSh 150,000 ni ya kazi ya mafundi.
* KSh 375,000 ni ya vifaa.

Sasa bajeti yako halisi ya vifaa si 650,000, ni 375,000. Mwambie mbunifu ukweli huo siku ya kwanza. Wengine huficha bajeti wakiogopa kwamba ikijulikana italiwa yote. Matokeo yake ni kwamba mbunifu anachora jikoni la milioni moja, mnalipenda, halafu mnaanza kulikatakata hadi halifanani na kitu. Mchoro ambao huwezi kuujenga umekula pesa yako bure.

Hatua ya 1: Mazungumzo na vipimo

Mbunifu mzuri huuliza maswali kabla ya kuonyesha picha. Nani hupika, na saa ngapi? Mnapikia gesi, umeme au makaa? Kuna mzee asiyeweza kuinama? Maji hukatika mara ngapi? Nguo huanikwa wapi mvua ikinyesha? Kama mtu anakuonyesha picha kutoka kwa intaneti kabla ya kuja kupima nyumba yako, bado hajaanza kazi.

Hapa kubalianeni kwa maandishi mambo matano: kazi inahusu vyumba gani, atatoa michoro gani, unaweza kuomba mabadiliko mara ngapi bila malipo zaidi, atatembelea mjengo mara ngapi, na michoro itakuwa ya nani mkiachana. Ujumbe wa simu unaosema "nimekubali" ni afadhali kuliko maneno ya mdomo, lakini karatasi yenye sahihi za nyote wawili ni bora zaidi.

Swali jingine ambalo watu huona aibu kuliuliza: je, unapata kamisheni kutoka kwa maduka unayotupeleka? Kupata kamisheni si dhambi ikisemwa wazi. Ikifichwa, unaishia kununua sinki la bei ya juu kwa sababu ambazo si zako.

*Malipo hapa:* sehemu ya kwanza ya ada, tuseme KSh 15,000, baada ya kuweka sahihi. Usilipe ada yote mwanzoni.

Hatua ya 2: Wazo

Hii ni michoro miwili au mitatu myepesi ya kukuonyesha mpangilio. Ni hatua rahisi kuliko zote ya kubadilisha mawazo. Kusogeza ukuta kwenye karatasi ni kufuta mstari. Kuusogeza baada ya kujengwa ni vifusi, vibarua na lori.

Chukua mchoro, nenda nyumbani, uuchore sakafuni kwa chaki kwa vipimo vyake halisi. Simama ndani. Fungua mlango wa friji wa kufikirika. Kati ya kaunta mbili zinazotazamana, acha angalau mita 1 ili mtu apite mwingine akiwa anapika. Kaunta nyingi huwa na urefu wa sentimita 85 hadi 90 kutoka sakafuni. Kama mpishi wenu ni mfupi au mrefu sana, semeni sasa.

Uliza pia mtungi wa gesi utakaa wapi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutulia chini. Ni salama zaidi mtungi ukae nje, mahali penye hewa, na bomba liingie ndani. Jambo hili hupangwa kwenye mchoro, si baada ya vigae kuwekwa.

Kisha kuna ukuta wenyewe. Fundi anaweza kuugonga kwa ngumi na kusema, "Hii haibebi kitu." Usikubali. Ukuta unaweza kuwa umebeba slabu, paa au tangi la maji lililo juu, na nyumba haitoi onyo kila mara. Ada ya mhandisi kuja kuangalia na kuchora bimu ya kubeba uzito ni ndogo mno ukilinganisha na kinachoweza kuanguka, na watu watakaokuwa chini yake. Katika kazi hii yote, ukilazimika kupunguza gharama, punguza kwingine kote lakini si hapa.

Hatua ya 3: Michoro kamili, BQ na ruhusa

Mkishakubaliana kuhusu wazo, mbunifu hutoa michoro ya kujengea: vipimo vya kila ukuta, mahali pa kila soketi na taa, njia za maji safi na maji taka, aina ya vigae na kabati. Fundi ambaye hajawahi kukuona anafaa aweze kujenga kutokana na karatasi hizo.

Kutokana na michoro huja BQ. Hebu tuone kwa nini ni muhimu. Sakafu ya jikoni la mita 3 kwa mita 4 ni mita za mraba 12. Ongeza asilimia 10 ya vigae vitakavyokatwa na kuvunjika, unapata 13.2. Fundi akikuambia ununue vya mita 20, sasa una swali la kuuliza. Bila BQ huna hata swali.

Ruhusa nazo ni hivi:

* Ukiongeza chumba au ghorofa, au ukibadilisha muundo wa jengo, uliza idara ya mipango ya kaunti yako kabla ya kuanza. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inataka ruhusa ya kaunti kwa ustawishaji, na kazi inayoendelea bila ruhusa inaweza kusimamishwa.
* Ukiwa na fleti, omba ruhusa ya wasimamizi wa jengo. Bomba lako ni dari ya jirani.
* Ukiwa mpangaji, pata barua ya mwenye nyumba. Ukirekebisha bila barua, umemjengea.
* Ukiwa Mji wa Kale wa Mombasa au Lamu, wasiliana kwanza na ofisi za uhifadhi chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Mji wa Kale wa Lamu ni turathi ya dunia ya UNESCO tangu 2001. Hata mlango na baraza vina masharti.

Ada za serikali hulipwa kupitia njia rasmi peke yake. Mtu akikwambia, "Tuma kwa nambari yangu nikusukumie hiyo faili," hiyo si ada.

*Malipo hapa:* sehemu ya pili ya ada, tuseme KSh 30,000, ukishapokea michoro na BQ mkononi. Zinazobaki, KSh 15,000, ni za ziara za mbunifu wakati wa ujenzi.

Hatua ya 4: Kuchagua mjenzi

Wape wanakandarasi watatu michoro ile ile na BQ ile ile, lakini ile isiyo na bei. Hapo ndipo unaweza kulinganisha. Bila hivyo, mmoja amehesabu kupaka rangi mara moja, mwingine mara tatu, na wewe unadhani yule wa kwanza ni wa bei nafuu.

Bei ya chini sana isikufurahishe haraka. Muulize ataifikiaje. Kisha omba kuona kazi aliyomaliza mwaka mmoja uliopita, si ya mwezi jana. Nyufa na unyevu huchukua muda kujitokeza. Kwa umeme, hakikisha fundi ana leseni ya EPRA, hasa kama unaweka hita ya kuoga, kwa sababu hiyo huhitaji waya mnene wa peke yake.

Hatua ya 5: Ujenzi, na pesa inayofuata kazi

Hapa ndipo ile simu ya Jumamosi huanza. Dawa yake ni kutenganisha pesa mbili: ya vifaa na ya kazi.

Vifaa: lipa duka moja kwa moja. Tumia nambari ya till au paybill ya duka. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalojitokeza. Kama duka linaitwa hivi na jina ni la mtu mwingine kabisa, simama, piga simu dukani. Fundi apokee vifaa mjengoni, ahesabu, akutumie picha ya vifaa pamoja na risiti. Nunua kwa awamu. Simenti ikikaa muda mrefu kwenye unyevu hupoteza nguvu, kwa hivyo usinunue mifuko ya miezi mitatu, na ile uliyonayo ipandishwe juu ya mbao.

Kazi: lipa hatua iliyokamilika. Kwa ile KSh 150,000 ya mafundi, mpango unaweza kuwa hivi:

1. Kuanza kazi: KSh 15,000.
2. Ukuta umetolewa, bimu imewekwa na mhandisi ameikagua: KSh 45,000.
3. Mabomba na waya zimewekwa, zimejaribiwa, kabla ya plasta kufunika: KSh 37,500.
4. Vigae, kabati na rangi zimekamilika: KSh 37,500.
5. Pesa inayoshikiliwa, kulipwa baada ya kipindi cha kuangalia kasoro: KSh 15,000.

Angalia nambari 3. Piga picha za kuta zote kabla ya plasta, huku utepe wa kupimia ukionekana. Miaka miwili baadaye ukitaka kutoboa ukuta kuweka rafu, utajua bomba liko wapi.

Na nambari 2 isiharakishwe. Zege inahitaji kumwagiwa maji kwa angalau siku 7, na hupimwa nguvu yake ikiwa na siku 28. Fundi akitaka kuondoa mbao za kushikilia bimu mapema ili apate malipo, jibu ni la mhandisi, si la fundi wala lako.

Mbunifu akizuru, aandike ujumbe mfupi: "Hatua ya 2 imekamilika, lipa," au "bado." Ujumbe huo ndio kibali chako cha kutuma. Ukishatuma, hifadhi ujumbe wa uthibitisho wenye nambari ya muamala, uandike kwenye daftari karibu na hatua husika. Mwisho wa mwezi, pakua taarifa ya akaunti ulinganishe.

Kumbuka pia viwango. Katika huduma za pesa kwa simu hapa nchini, kiwango cha juu cha kawaida ni KSh 250,000 kwa muamala mmoja na KSh 500,000 kwa siku. Kama unanunua kabati zote siku moja, panga mapema ili usikwame lori likiwa langoni.

Ukibadilisha mawazo

Utabadilisha. Kila mtu hubadilisha. Kosa ni kubadilisha kwa mdomo. "Si uongeze tu ka-dirisha hapo" ni maneno ambayo hugeuka kuwa KSh 40,000 mwishoni. Kila badiliko liandikwe: ni nini, bei gani, siku ngapi zaidi. Ukikubali, jibu "nimekubali". Pesa yake itoke kwenye ile asilimia 10 ya dharura, na ikiisha, mabadiliko yameisha.

Ukiwa mbali

Wengi wenu mnajenga mkiwa Doha, Dubai, Marekani au hata Nairobi huku nyumba ikiwa kijijini, na pesa inapitia kwa ndugu. Tunajua hili ni jambo gumu kulizungumzia. Kumwomba kaka risiti kunaonekana kama kumwita mwizi.

Lakini mfikirie yeye pia. Unamtumia pesa ya mabati, mtoto wake anaugua usiku huo huo, na pesa iko kwenye simu yake. Akiitumia akitumaini kuirudisha, umempoteza ndugu na mabati pamoja. Ukilipa duka moja kwa moja, na mbunifu akathibitisha hatua, ndugu anabaki na kazi anayoiweza: kuwa macho yako pale. Mlipe nauli na muda wake kando, wazi, kwa jina lake. Si kumnyima imani huko, ni kumwondolea mtihani.

Hatua ya 6: Kukabidhiwa

Siku ya mwisho, tembea na mbunifu na mjenzi, kalamu mkononi. Fungua kila bomba. Washa kila taa. Funga kila mlango. Mwaga maji sakafuni bafuni uone kama yanaelekea kwenye tundu au yanakaa pembeni. Andikeni kasoro zote, wekeni tarehe ya kuzirekebisha. Ile pesa iliyoshikiliwa ndiyo itakayomrudisha mjenzi. Ikiwa umemaliza kulipa, utakuwa unampigia mtu ambaye tayari yuko mjengo mwingine. Nayo ikifika siku ya kumlipa, na kasoro zimerekebishwa, mlipe siku hiyo hiyo. Fundi mwaminifu naye ana watoto.

Kabla hujatuma, jiulize

* Pesa hii ni ya hatua gani?
* Hatua hiyo imekamilika, na nani amethibitisha?
* Jina linalojitokeza kwenye simu ndilo la ninayetaka kumlipa?
* Nimeandika?

Ukikosea nambari, wasiliana na huduma kwa wateja mara moja, kabla pesa haijatolewa. Na hakuna mbunifu, fundi, duka wala mfanyakazi wetu anayehitaji PIN yako. Yeyote anayeiomba, kata simu.

Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Nyumba ni mali. Nunua daftari kwanza, ndipo ununue simenti.